Leo yule mzee wa Jumamosi kanipapasa kichwa, mimi na mvi zangu!

Wakuu, nimetoka klabu yetu ya chess sasa hivi, naandikia kwenye daladala na mikono inatetemeka. Simtaji, mnamjua. Yule wa kofia, anakuja na chupa yake ya chai, kikohozi kinampanda kila ukikaribia kumfunga.

Mechi ya dakika 10. Kaweka malkia, kaachia, mkono umesharudi kwenye sambusa. Nanyoosha mkono nimle na farasi, bwana we, kamnyakua malkia kamrudisha nyumbani! Namwambia mzee, kete ukiiachia umecheza. Akainuka, akacheka, akanipapasa kichwa. KICHWA! Mbele ya wanafunzi wa sekondari! "Tulia kijana, hapa tunajifurahisha tu." Kijana? Binti yangu anasubiri matokeo ya kidato cha nne!

Kanuni za FIDE, shirikisho la chess duniani, kifungu cha 11.5 kinakataza kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote ile. Kupapasa kumo au hakumo? Na kile kiganja kilikuwa na mafuta ya sambusa, wakuu. Mpaka sasa kipara kinang'aa.

NgomeMbili: Pole mkuu. Si ungesimamisha saa ukamwita mwamuzi?

Mleta uzi: Mwamuzi ndiye aliyekuwa ananipapasa! Na kanuni za nidhamu pale ukutani kazibandika yeye!

AskariWaMwisho: 😂😂 Subiri kwanza. Kichwa kina mvi au kina kipara? Chagua moja.

Mleta uzi: Mvi ziko pembeni!! Hilo ndilo umeliona?

MzeeWaKijiwe: Ndiyo maana nimebaki kwenye drafti. Ukirudisha kete, watu kumi wamekuzomea kabla hujakaa sawa. Kanuni za ukutani za nini?

NgomeMbili: Kijiweni kwenu watazamaji ndio wanaocheza. Mwenye kete anakodisha mkono tu.

FarasiMwitu: Mnamwonea mzee. Mashindano ya Linares 1994, gwiji Kasparov aliachia farasi, akabadili mawazo akampeleka kwingine. Kamera zilimnasa. Mpinzani wake, Judit Polgár, hakulalamika rasmi, na mechi Kasparov akashinda.

AskariWaMwisho: Malizia basi. Mwaka 2002 pale Moscow Polgár alimchapa.

Mleta uzi: Sawa, ila Kasparov alimpapasa kichwa?

MamaSaaMbovu: Bora nyie mnapapaswa bure. Sisi tulichangishwa hela za saa za kidijitali tangu mwaka jana. Saa hatujaziona, mweka hazina anatamba na pikipiki mpya.

NgomeMbili: Nyekundu?

MamaSaaMbovu: We umeijuaje??

NgomeMbili: Aliniambia kakopa benki! Mimi ndiye mdhamini wake!

MzeeWaKijiwe: 😂😂😂 Umekwisha.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kichwa changu.

MamaSaaMbovu: NgomeMbili, njoo inboksi upesi.