Nikimpenda kaka aliyenidhulumu, je, nimwachie na mpaka?

Mkulima wa Migombani
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mwaka jana, nilipokuwa nje ya mkoa kikazi, kaka yangu aling'oa masale, mimea ya mpakani iliyotenga kihamba changu (shamba la nyumbani) na chake, akayapanda upya hatua nne upande wangu, na migomba minane aliyoipanda marehemu baba sasa anaikata yeye. Shauri liko baraza la kata. Kinachonisumbua si baraza, ni Meza ya Bwana: kila nikitaka kushiriki nalikumbuka neno la Mathayo 5:23-24, la kuiacha sadaka mbele ya madhabahu ukapatane kwanza na ndugu yako, nami najua kwamba nikikutana naye njiani nageuza uso. Je, kumpenda maana yake niliondoe shauri?

Mzee wa Kanisa
Ndugu, umefunga mambo mawili katika mzigo mmoja. Paulo alipoona hatatendewa haki mbele ya liwali Festo, alikata rufani kwa Kaisari, wala hatusomi kwamba alimchukia Festo. Kutoka 23:4 nayo haikuagizi umpe adui yako ng'ombe wako; inasema ukimkuta wa kwake amepotea, umrudishie. Nalipenda agizo hilo kwa sababu halingoji moyo utulie: linaanza na kamba mkononi na safari ya kwenda hadi mlangoni kwa mtu usiyetaka kumwona. Basi ng'ombe wa kaka yako ni yupi?

Binti Sayuni
Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe, ila tusiiruke 1 Wakorintho 6:7, ambapo Paulo huyo huyo anawauliza ndugu wanaoshtakiana kwa nini wasione afadhali kudhulumiwa. Tena yuko Festo mwingine, Askofu Kivengere wa Kigezi, Uganda. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, naye Kivengere na mkewe wakakimbilia Rwanda kwa miguu, wakivuka milima usiku. Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake linatamka kwamba anampenda Amin. Watu husimulia jina hilo tu, wakasahau kwamba alikiri uchungu ulimwingia yeye mwenyewe uhamishoni, hata ikambidi atubu. Wala hakurudi kumkabidhi Amin shingo yake. Alirudi 1979, Amin alipokwisha kuondolewa.

Mwana wa Uchagani
Mbona hakuna aliyeligusa isale lenyewe? Kwetu mmea huo huo unaotenga mpaka ndio ambao mkosaji hubeba jani lake anapokwenda kuomba radhi, na anayeletewa huona vigumu mno kukataa. Lakini hulibeba mkosaji. Usilichume kwa niaba ya kaka yako, maana utakuwa umemwambia kwamba hakukosa.

Mkulima wa Migombani
Nawashukuru. Mzee, umeniuliza kuhusu ng'ombe. Kwangu ni maji. Mfereji unapita kwangu kwanza, na siku ya zamu yake, Alhamisi, nimekuwa nikichelewa kumfungulia, mara nusu saa, mara saa nzima, huku nikijisingizia usingizi. Majani ya mahindi yake ya bondeni yamejikunja. Hilo sikumweleza mchungaji, na hapa pia nililificha. Shauri sitaliondoa. Alhamisi nitafungua saa kumi na mbili asubuhi kamili.