Kikao cha maji Kahe, niende au ni stori tu?

mpunga_kahe: Wakuu, kesho kutwa tumeitwa kugawana maji ya mto, mfereji wangu umebaki kama kamba ya kiatu na shamba limeanza kupasuka, hivi sisi wa upande wa chini wa mto tunasikilizwa kweli?

dadaa_moshi: Nenda kaka, usipoenda wa juu watajipangia zamu zote. Sisi tulipata siku 2 kwa wiki, japo kuna jamaa bado anaziba na viroba saa nane usiku 😂

mangi_k: Beba kibali cha kutumia maji. Sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaanza na maji ya nyumbani, halafu mazingira, ndo mashamba. Na bwawa la Nyumba ya Mungu nalo linayasubiri hayo hayo, umeme wa kituo cha Hale huo.

mpunga_kahe: Kibali sina, mfongo (mfereji wa asili) alichimba babu!

mangi_k: Basi ombeni kupitia jumuiya ya watumia maji.