Mrejesho: mbwa wetu mzee aliyekuwa akibweka usiku kucha

Assalaam alaykum. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu Simba, mbwa wetu wa miaka 13 anayelinda shamba huku Jambiani. Usiku alikuwa anazunguka na kubwekea ukuta, mchana analala, na alimng'akia mwanangu aliyemgusa kiunoni. Wapo mlionambia ni kichaa cha mbwa, wengine mkasema jini.

Nilimwita daktari wa mifugo. La kwanza aliuliza chanjo ya kichaa. Anayo, na mabadiliko yamekuja polepole kwa miezi, si kwa siku chache. Akambonyeza nyonga, Simba akalia. Kumbe ni maumivu ya viungo! Moyo uliniuma, maana siku ile nilimpiga. Macho nayo yameingia ukungu, na ubongo umechoka kwa uzee, kama mtu mzima anayechanganya usiku na mchana.

Kapewa dawa ya maumivu ya mbwa. Mimi nilitaka kumpa ibuprofeni ya nyumbani, daktari akanikataza kabisa: dawa hiyo ya watu inaweza kumuua mbwa. Tafadhalini msijaribu.

Sasa analalia magunia laini, bakuli lake halihamishwi, usiku taa ndogo inawaka. Jioni, maji ya bahari yakipwa, natembea naye pwani taratibu. Watoto humwita jina kwanza, ndipo wamsogelee.

Bado huamka usiku mara moja moja, lakini nikimsemesha hutulia. Kulinda tumeshampumzisha. Ahsanteni sana mlioniambia nimwite daktari.