Nichague mwongozo upi wa kutengeneza paneli ya sola nyumbani?

Mkaazi wa Kibirizi, Kigoma

Ndugu zangu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa wenye ujuzi wa umeme wa jua. Nina kibanda cha kuchaji betri hapa Kibirizi, na wateja wangu wakubwa ni wavuvi wa dagaa, ambao wengi wao siku hizi wameacha karabai na kutumia taa za betri za volti 12. Giza la mwezi likiingia, betri huletwa kwa wingi kuliko uwezo wa paneli nilizo nazo. Mwezi ukiwa mpevu, kibanda hulala. Nimefikiria kuongeza paneli kwa kuziunda mwenyewe, kwa kuwa kulehemu nakujua kutokana na kazi ya ufundi redio.

Nina miongozo miwili mbele yangu. Wa kwanza unauzwa mtandaoni, umeandikwa na Mmarekani, una picha za kupendeza na ahadi kwamba msomaji ataagana na bili ya umeme. Wa pili ni wa bure, kurasa chache zisizo na mapambo, umejaa vipimo na michoro ya nyaya. Nitajuaje upi wa kuaminika kabla sijaagiza seli, yaani vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, ambazo zitasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam?

Mwalimu wa Fizikia, Tabora

Ndugu yangu, weka kando picha na ahadi, ufungue mahali mwandishi anapoeleza idadi ya seli. Seli moja ya silikoni, iwe kubwa au ndogo, hutoa takriban nusu volti inapofanya kazi. Ukubwa wake huongeza ampia, yaani wingi wa mkondo, hauongezi volti. Mwongozo unaosema kwamba seli kubwa itakupa volti nyingi zaidi umekosea jambo la msingi, na sioni kwa nini uuamini katika mengine.

Kisha tazama kama unaeleza sababu ya kuunganisha seli 36 kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, ili kuchaji betri ya volti 12. Hesabu ya haraka inatoa volti 18, na msomaji mgeni huona kwamba hizo ni nyingi mno. Lakini kipimo hicho hufanywa seli ikiwa na joto la nyuzi 25, ilhali juu ya bati la Kigoma au Tabora seli hufika nyuzi 60 bila taabu. Kila nyuzi inayoongezeka huiondolea seli moja takriban milivolti 2, kwa hiyo paneli nzima hupoteza karibu volti 2.5. Ondoa tena nusu volti inayoliwa na dayodi ya kuzuia umeme usirudi usiku, na unabaki na volti 15 hivi, wakati betri ya risasi na asidi huhitaji takriban volti 14.4 ili ijae sawasawa. Wapo waandishi wanaopendekeza seli 30 ili kupunguza gharama. Paneli ya namna hiyo itaonekana nzima asubuhi yenye ubaridi, na saa saba mchana haitaweza kuijaza betri, nawe utamlaumu aliyekuuzia betri.

Jambo la tatu ni vipimo. Mwongozo mzuri hukutaka upime kila seli juani kwa multimita kabla ya kuilehemu, kwa sababu katika mfululizo seli dhaifu moja huubana mkondo wa seli zote. Seli za bei rahisi zinazouzwa kwa mafungu mara nyingi ni zile zilizokataliwa kiwandani, na unene wake haufiki robo ya milimita, kwa hiyo agiza za ziada.

Kwa maelezo yako, nafikiri huo wa bure ndio uliomheshimu msomaji wake.

Fundi Sola wa Urambo

Naafikiana na Mwalimu kuhusu volti, ila kwa maoni yangu ukurasa wa kuusoma kwanza ni ule wa kuziba paneli. Kulehemu ni kazi ya siku moja. Unyevu hufanya kazi yake mwaka mzima. Kiwandani seli hufunikwa kwa plastiki maalumu kati ya kioo na karatasi ya nyuma, hewa ikanyonywa, kisha vyote vikashikanishwa kwa joto la karibu nyuzi 150. Paneli nyingi za nyumbani ni sanduku tu lenye kioo juu. Masika yakiingia, mvuke hujikusanya chini ya kioo, viungo huota kutu, na kiungo kibovu hupata moto. Kama mwongozo unakuelekeza kujenga sanduku hilo kwa plaiwudi, ufunge kurasa zake hapo hapo, kwa sababu kiungo kilichopata moto juu ya mbao kavu kinaweza kuunguza kibanda.

Uangalie pia aina ya silikoni ya kuzibia inayotajwa, ambayo si ile silikoni ya seli. Ile ya kawaida ya madirishani, yenye harufu ya siki, hutoa asidi inapokauka na hula shaba na lehemu. Mwandishi asiyetahadharisha kuhusu hilo huenda hajawahi kuiangalia paneli yake baada ya mvua za msimu wa pili.

Sasa niseme lisilopendeza. Kwa biashara kama yako, inayotegemewa na watu wanaoingia ziwani usiku, nunua paneli ya kiwandani iliyopimwa kwa IEC 61215, kiwango cha kimataifa cha ubora wa paneli. Kwa kawaida watengenezaji huzipa dhamana ya uwezo ya miaka 25, na bei zake zimeshuka kiasi kwamba ukijumlisha seli, kioo, fremu ya alumini na usafiri, unaweza usiokoe kitu. Unda moja ndogo ya kujifunzia, uitumie kuchaji simu. Ujuzi huo utakufaa siku paneli ya mteja itakapokatika waya.

Mkaazi wa Kibirizi, Kigoma

Nawashukuru nyote wawili. Nimeurudia ule wa kuuzwa: sanduku lake ni la plaiwudi, na kuhusu silikoni haukusema neno. Wa bure unataka fremu ya alumini na upimaji wa kila seli. Hata hivyo, miongozo yote miwili inaagiza paneli ielekezwe kusini kwa mwinamo wa nyuzi 40. Je, nifuate hivyo?

Mwalimu wa Fizikia, Tabora

Usifuate. Maelekezo hayo yanawafaa watu wa Marekani na Ulaya. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini ya ikweta, na kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini. Ukiielekeza paneli kusini kwa nyuzi 40, mwezi Juni itapata zaidi kidogo ya theluthi moja tu ya mwanga wa moja kwa moja wa saa sita mchana, tena katika kiangazi, anga likiwa jeupe. Ielekeze kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo unatosha pia kuifanya mvua ioshe vumbi. Tundu la kutokea waya liwe upande wa chini.