Wapenda sarafu, naomba ushauri: nipeleke sarafu zangu za Kirumi klabuni au zibaki kabatini?

Mbeba Kibindo
Wakuu, salaam. Nipo Uingereza mwaka wa tisa, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Wenzangu wakipata siku ya mapumziko wanaangalia mpira, mimi nilinasa kwenye sarafu za Kirumi. Nilianza na denari (sarafu ya fedha) moja ya mfalme Trajan, leo ninazo 140. Nyingi ni vishaba vidogo vya karne ya 4: Konstantino na wanawe, na ile ya mbwa mwitu anayenyonyesha mapacha. Klabu ya wapenda sarafu hapa mjini wamenipa zamu Jumamosi, nizitandaze mezani nizieleze. Nimeshakubali. Lakini siku ya tatu leo sipati usingizi. Nipeleke zote? Na watu wakitaka kuzishika?

Fundi Saa
Kushika ruksa, ila washike ukingoni, na chini utandike kitambaa kinene ili ikidondoka isigonge meza. Zile bahasha za plastiki laini zinazonuka kama pazia jipya la bafuni zitupe leo hii. Ni plastiki ya PVC, inachuja taratibu, sarafu inavaa ute wa kijani.

Mama Wawili
Mimi swali langu moja tu: mkeo anajua umezamisha shilingi ngapi humo?

Mbeba Kibindo
Dada, vishaba vya Konstantino vingi unapata chini ya paundi 20. Siyo pesa ya kuvunja nyumba.

Mtoto wa Lindi
Mmenikumbusha mbali. Hata hili neno "hela" tumeachiwa na heller ya Mjerumani. Marehemu bibi alikuwa nazo zile zenye tundu katikati, kazitunga kwenye uzi kama shanga, tukawa tunazichezea mpaka zikaisha. Leo ningekuwa nazo! Halafu msisahau za kwetu Kilwa. Sultani Ali bin al-Hassan alipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya vina, upande huu unaitikia upande ule. Mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa zikaokotwa visiwa vya Wessel, Australia. Nani alizifikisha kule, Mungu ndiye ajuaye. Wewe unahangaika na Warumi?

Kiroboto
Mtu mzima akose usingizi siku tatu kwa ajili ya wazee wanaotazama chenji? Mkuu, kuna kitu umekikalia. Inuka tukione.

Mbeba Kibindo
Hakuna kitu.

Kiroboto
Sawa. Nasubiri hapahapa.

Mbeba Kibindo
Haya basi. Kati ya hizo 140, 23 sikununua. Mzee ninayemhudumia ana shamba nyuma ya nyumba, na ditekta yake ya zamani, ile mashine ya kunusa metali ardhini, ilikuwa imelala stoo. Akaniambia ichukue ujifurahishe. Mwaka juzi, baada ya mvua, nikazikuta shimo moja, zimeshikana kama kashata. Nilimwonyesha, akacheka, akasema "chukua". Kwa hiyo siyo wizi. Ni kwamba tu mzee anasahau, asubuhi hata jina langu hana. Na watoto wake sijawaambia, kwa sababu hata kumtembelea hawaji.

Fundi Saa
Ungeanza na hili. Sheria ya Hazina ya huko, ya 1996, iko wazi: sarafu 10 au zaidi za shaba, zina miaka 300 na kuendelea, zimetoka sehemu moja, hiyo ni hazina. Unaripoti ndani ya siku 14. Inaripotiwa kwa ofisa anayechunguza vifo vyenye utata, usiniulize kwa nini Waingereza wameweka maiti na dhahabu ofisi moja. Kunyamaza kunaweza kukupa hadi miezi mitatu ndani. Ukiripoti, makumbusho wakizitaka wanalipa, na kwa kawaida mwokotaji na mwenye shamba wanagawana nusu kwa nusu. Wasipozitaka zinarudi.

Mama Wawili
"Chukua" ya mtu asiyejua leo ni Jumatatu au Ijumaa! Kaka, ungekuwa ni baba yako unamwachia mtu baki?

Mbeba Kibindo
Nimemwogesha mimi miaka minne, siyo wao. Na hizo 23 ndizo nzuri kuliko zote, nyingine zina askari wawili na bendera katikati, maandishi GLORIA EXERCITVS (utukufu wa jeshi), chini alama ya karakana PLN, yaani zilipigwa London kwenyewe. Nikiziacha nyumbani nitaonyesha nini?

Darubini
Chai hii, wakuu, tena haina tangawizi. Karakana ya sarafu ya London ilifungwa mwaka 325. Hao askari wawili walianza kupigwa mwaka 330. Hakuna GLORIA EXERCITVS yenye PLN. Huyu kakaa na simu yake Mbagala anatunga.

Kiroboto
😂😂 Nami nilishaanza kumhurumia mzee.

Mtoto wa Lindi
Kumbe Kilwa yangu nimeimwaga bure.

Mbeba Kibindo
Sina sababu ya kudanganya. Picha hii, tazameni wenyewe.

Fundi Saa
Nimeikuza. Herufi ya mwisho imelika, lakini ni G. PLG, alama ya karakana ya Lyon, Ufaransa. Kipindi kinakubali. Darubini yuko sahihi kuhusu London, na sarafu ni ya kweli. Sasa niambie, mbona inang'aa kama sufuria ya harusi?

Mbeba Kibindo
Nilisugua kwa ndimu na mswaki.

Fundi Saa
Astaghfirullah. Miaka 1,600 ardhini imetunza koti lake, ule utando wa kale juu ya shaba, wewe umelivua kwa ndimu! Sikiliza: zile 117 peleka Jumamosi. Hizi 23 zifunge zilivyo, usioshe tena, kesho asubuhi mpigie simu yule ofisa. Na watoto wa mzee wajue kutoka kwako.

Darubini
Naomba radhi kwa Mbagala. Ila simu upige kweli.

Mbeba Kibindo
Nitapiga. Kuna kadogo kengine. Zilikuwa 24. Moja nilimpa mwenyekiti wa klabu Krismasi iliyopita, kaitengenezea kidani anavaa shingoni.

Mama Wawili
Ee Mola wangu.