Akili ya hisia na alama za sayansi: tuanzie wapi na kidato cha tano?

Mwalimu wa Kemia, Tanga
Habari za jioni walimu wenzangu. Kuna pendekezo la kuwapa wanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) na PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) semina ya siku moja ya akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua na kutuliza hisia, kabla ya moko (mtihani wa majaribio), na dodoso la kujipima wenyewe. Je, kweli inapandisha alama za sayansi? Shida kubwa iko kwenye vitendo: mtoto nadharia anaijua, akishika bureti, ule mrija wenye vipimo na koki ya kudondoshea kimiminika, mikono inatetemeka.

Saikolojia ya Elimu, Bagamoyo
Inasaidia, mwalimu, ila si kwa kiwango kinachohubiriwa. Mwaka 2020 mwanasaikolojia Carolyn MacCann na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zenye wanafunzi zaidi ya 42,000. Uhusiano wa akili ya hisia na ufaulu ulikuwa kama 0.20, ambapo 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Waliopimwa kwa maswali ya kutatua walifika 0.24, waliojipima kwa dodoso, 0.12 tu. Kwa hiyo hilo dodoso liacheni, kwani mtu anayejiona mtulivu si lazima awe mtulivu. Tena kipimo hicho cha kutatua kilihusiana na masomo ya sanaa kuliko sayansi, na uhusiano peke yake hauthibitishi kipi kinaleta kipi.

Kwa wenye hofu, hata hivyo, faida ipo wazi. Hofu hujaza ile kumbukumbu ya muda mfupi tunayoshikia namba wakati wa kukokotoa. Ndiyo maana mwanafunzi anasahau kugawanya kwa 1,000 anapobadili sentimita za ujazo kuwa lita, jambo alilolifanya jana bila kufikiri.

Fundi Maabara
Semina ya siku moja itasahaulika. Fundisheni humohumo kwenye kipindi.

Kwenye taitresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike, anayeogopa hufungua koki yote ili amalize haraka. Tindikali ikiwa kwenye bureti na kielekezi (kemikali inayobadilika rangi) ni methili oranji, rangi inapita chungwa na kuwa nyekundu. Hapo anapaniki na kupika data ili vipimo vyake vifanane na vya jirani. Kumgombeza hakusaidii, kunamfundisha kupika vizuri zaidi. Mwambieni mapema kwamba mzunguko wa kwanza ni wa kukadiria na unaruhusiwa kupitiliza. Tuseme mzunguko huo umetoa sentimita za ujazo 23.4: mizunguko inayofuata aende kwa kasi hadi 22, kisha tone kwa tone huku akitikisa chupa. Akishajua pa kupunguza mwendo, mkono unatulia wenyewe.

Na makundi yawe ya watu wawili au watatu, washike bureti kwa zamu. Kundi la wanane lina mfanyaji mmoja na watazamaji saba, na hao saba ndio watakaotetemeka siku ya mtihani.

Saikolojia ya Elimu, Bagamoyo
Naongezea zoezi moja lisilo na gharama. Mwaka 2011 watafiti Ramirez na Beilock walionyesha kwamba kuandika kwa dakika 10, muda mfupi kabla ya mtihani, kile hasa unachokihofia kuhusu mtihani huo kunawainua wenye wasiwasi. Walijaribu pia kwa wanafunzi wa sekondari kwenye mtihani wa Biolojia. Kuandika habari nyingine hakukuleta matokeo hayo.

Mwalimu wa Kemia, Tanga
Ahsanteni sana. Karatasi hizo nizikusanye?

Saikolojia ya Elimu, Bagamoyo
Hapana, wachane wenyewe. Wakijua utasoma, wataandika ya kukufurahisha. Unachokusanya ni masahihisho: kando ya kila alama iliyopotea aandike *sikujua*, *nilikosea hesabu* au *niliogopa*. Wa kwanza anahitaji kipindi cha ziada, wa pili mazoezi, wa tatu ndiye wa hayo ya bureti na karatasi. Akiwepo asiyelala au anayelia kila ikitajwa moko, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha wiki hiyohiyo.

Fundi Maabara
Anza na maji ya kawaida kwenye bureti, dakika 15, wafanye mazoezi ya koki tu. Kemikali hazipotei na hakuna alama ya kuogopa.