Waya wa supakondakta kwa umeme wa AC: BSCCO, REBCO au MgB2?

Koili77: Wakuu habari zenu. Natengeneza koili ya transfoma ya majaribio, 50 Hz, nimebaki na hizo tatu, zote ni supakondakta (zikipozwa sana hupitisha umeme bila ukinzani): BSCCO na REBCO ni za oksidi na huja kama tepu, MgB2 ni ya magnesi na boroni. Juzi tumezamisha koili ya REBCO kwenye naitrojeni ya kimiminika, tukapitisha DC (umeme wa mwelekeo mmoja) povu moja moja tu, tulipoweka AC (umeme unaogeuka mwelekeo) mapovu yakapanda mfululizo kama sufuria inataka kuchemka. Si tunaambiwa supakondakta haipotezi umeme?

Mzunguko: Haipotezi kwenye DC mkuu. Kwa 50 Hz uga wa sumaku unageuka mara 100 kwa sekunde, na kila ukigeuka unajipenyeza ndani ya supakondakta na kutoka kwa nguvu, joto linazaliwa hapo. REBCO tabaka lenyewe ni mikroni 1 au 2 tu ila upana ni milimita 4 mpaka 12, uga ukipita sambamba na tepu hamna neno, ukiipiga ubapani umeumia.

Nyuzi_Nyembamba: Ndo maana mimi ni MgB2. Waya wa mviringo, nyuzi nyingi nyembamba ndani, unazisokota kama kamba ili zisishikane kisumaku. Tepu ya REBCO huwezi kuisokota hivyo.

FundiBaridi: Sawa, ila MgB2 inaacha kuwa supakondakta ikizidi 39 K (kelvin, kama -234°C), kwa hiyo unaifanyisha kazi karibu na 20 K na naitrojeni huna tena. Hata kwa mashine ya kupoza iliyo kamilifu, kutoa wati 1 ya joto kwenye 77 K (ndipo naitrojeni inapochemka) unalipa kama wati 3 huku nje, kwenye 20 K ni 14, na mashine halisi zinakula mara kadhaa ya hapo. Ukipunguza hasara nusu bado umepigwa.

Koili77: Na BSCCO? Essen, Ujerumani, walilaza kebo yake ya AC kama kilomita 1 mwaka 2014, 10 kV, kwa naitrojeni.

Mzunguko: Kwenye kebo tepu zinazunguka kiini, uga unafuata ubapa wake, raha tupu. Koili ni kitu kingine, pale mwishoni uga unapinda na kukata tepu. Halafu BSCCO nyuzi zake zimelala kwenye fedha, na fedha inapitisha umeme vizuri mno, zinaungana tena hata ukizisokota. Hebu kumbuka, mapovu yalitokea wapi?

Koili77: Daah, kweli, juu na chini ndo yalijaa, katikati machache sana.

Mzunguko: Basi katikati acha REBCO ya kawaida, mizunguko ya mwisho, juu na chini, weka kebo ya Roebel, ile ya vipande vyembamba vinavyopishana nafasi. Ni ghali, usiweke koili nzima.

Koili77: Nazungusha upya wiki hii, nitaleta majibu hapahapa.